Leseni Iliyotundikwa Ukutani

Kompyuta ya kwanza niliyoifanyia kazi, watu wazima walikuwa wanaivulia viatu. Siongezi chumvi. Mlangoni mwa ofisi yetu ya uchapaji pale Korogwe palikuwa na rundo la kandambili, utadhani ndani kuna maulidi, kumbe ndani tuko mimi, mzee mwenye ofisi, mashine ya fotokopi inayokohoa, na hiyo kompyuta, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kukikunja kile kitambaa, na ya mwisho jioni kukirudisha. Kompyuta ilikuwa na feni yake. Mimi niliyeichapia sikuwa na feni.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda vinauzwa, mashirika yanauzwa, mashamba ya mkonge yanauzwa na watu wakiwa bado ndani. Kulikuwa na neno moja, mwekezaji, watu walilitamka kwa kupunguza sauti, kama mtu anayemtaja mkwe.

Mwenye ofisi alikuwa Msambaa wa Bungu, karani mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye uaminifu wake ulichosha wenzake. Ukisahau kalamu kwake, anakufuata nayo mpaka kituo cha basi. Kila karatasi ya serikali aliyokuwa nayo aliitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani: leseni ya biashara, cheti cha mlipa kodi, cheti cha jina la biashara, na juu ya zote picha ya rais. Sheria inasema leseni ibandikwe mahali pa wazi, na yeye sheria aliipenda hata pale ilipokuwa haimpendi.

Siku moja akaenda Dar es Salaam kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, akarudi amebadilika. Toleo la programu tulilokuwa nalo, akasema, limepitwa na wakati.

Nikamuuliza, "Mzee, limekosa nini?"

Maana lilikuwa linachapa, linahifadhi, na ukilizima linazimika. Mtu unataka nini zaidi? Akasema semina imeeleza kwamba dunia inakwenda mbele. Akafungua mkoba, akatoa boksi la kung'aa la kampuni ya ng'ambo, halisi kabisa. Naamini Korogwe nzima na Handeni nzima hapakuwa na mtu mwingine mwenye boksi kama lile. Wengine wote walikuwa na sidii zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, zimenunuliwa Kariakoo juu ya turubai.

Kuliweka hilo toleo jipya kulichukua siku nzima. Lilipokaa, nikaona maajabu. Kila kitu kimehamishwa, kama mtu kaingia jikoni kwako ukiwa sokoni akaficha chumvi. Kompyuta iliyokuwa inawaka nikiwa natundika mtandio, sasa inawaka nikiwa nimeshakunywa chai na kuosha kikombe. Na printa, ile printa iliyokaa nayo meza moja miaka miwili, kebo kwa kebo, kompyuta ikasema haiifahamu. Jamani! Nikaichomoa, nikaichomeka, nikaipiga kofi kidogo ubavuni. Haiifahamu. Ndiyo maendeleo hayo.

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi yenye namba ya leseni, herufi na tarakimu ishirini na tano zimepangwa tano tano. Na maelezo yalisema kwamba ndani ya siku thelathini mwenye mali apige simu au aingie kwenye mtandao kuithibitisha leseni yake, la sivyo programu itajifunga. Mzee akasoma yale maelezo mara mbili, miwani puani. Pale pale akafanya mambo mawili, na yote mawili ndiyo yaliyotuponza.

La kwanza, alihesabu zile siku thelathini kama siku za kazi. Jumamosi na Jumapili akazitoa, na sikukuu moja akaitoa. Ndivyo barua za serikali zilivyokuwa zikihesabiwa, na yeye alikaa serikalini miaka mingi, hakuona kwa nini kampuni ya ng'ambo ifanye kazi Jumapili.

La pili, alichukua ile kadi yenye namba ya leseni, akaipeleka kwa fundi wa fremu, akaitundika ukutani chini ya leseni ya biashara. Mahali pa wazi, kama sheria inavyotaka. Hata mwanga wa dirisha uliiangukia vizuri.

Sikumpinga. Kusema kweli niliona imependeza.

Sasa niseme habari ya bibi yangu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Nilikaa naye Masuguru, mimi na yeye. Babu yangu alikuja kutoka Songea kama manamba, akakata mkonge kwenye shamba lililo upande wa Handeni, akafia huko huko mimi sijazaliwa, akazikwa kwenye makaburi ya shamba. Makaburi yenyewe yako katikati ya mistari ya mkonge, hayana ukuta wala jiwe la maana, ni miti michache na misalaba ya mbao iliyoliwa na mchwa, na upande mmoja wamelala Waislamu, kichwa kwa kichwa na wenzao. Kila baada ya miezi michache bibi alichukua jembe lake akaenda kupalilia kaburi la mumewe. Pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja, akaipalilia nayo.

"Hiki ndicho kitanda changu," aliniambia kila tulipokwenda. "Nimemwambia asihangaike kusogea, nakuja."

Kisha shamba likauzwa. Mwekezaji mpya akatangaza kwamba anapima upya, na kila mwenye madai ndani ya mipaka alete uthibitisho wa maandishi, uliochapwa, kwenye ofisi yake ya muda kule Chanika, mjini Handeni, kabla ya Ijumaa fulani kuisha. Baada ya Ijumaa hiyo bikoni za mipaka zinapigwa na trekta linaingia. Tangazo lenyewe mimi ndiye niliyelitoa fotokopi. Nilipofika kwenye neno trekta nilisimamisha mashine.

Bibi hakulia wala nini. Alijifunga khanga akaanza kuzunguka kwa wazee wa zamani wa shamba, mmoja mmoja, akiwaleta ofisini kwetu. Wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye benchi, wananitajia. Jina la marehemu, kwao ni wapi, mstari wa ngapi, amelala jirani na nani. Aliyejua zaidi ya wote alikuwa seremala wa shamba, mzee aliyechonga masanduku yale karibu yote, anamkumbuka kila mtu kwa urefu wake. "Huyu alikuwa mrefu, niliunga mbao mbili," anasema, na mimi nachapa. Alimaliza siku tatu, na juma lililofuata mwanawe akaja kumchukua, akampeleka Kigoma.

Na mimi, mwerevu wa mjini, sikuandika jina hata moja kwenye karatasi. Karatasi ya nini? Si nina kompyuta? Wazee walinitajia, mimi nikachapa moja kwa moja, vidole vinaruka, najiona. Bibi aliniuliza kama nina nakala nikamwambia, "Bibi, mambo ya madaftari yamepitwa na wakati." Namsikia mzee wangu wa semina mle mle mdomoni mwangu.

Mwisho wa orodha bibi akaniambia niandike jina lake.

"Bibi, wewe uko hai."

"Kwani nimesema nimekufa? Andika jina, andika mstari, andika jirani na nani. Halafu andika: bado yupo."

Nikaandika hivyo. Bado yupo.

Kuchapa kwenye karatasi kulisubiri printa, na printa ilimsubiri fundi. Fundi alikuwa mtu wa Old Korogwe, mwenye ofisi kama ya kwetu karibu na mto, mcheshi, ukucha wa kidole kidogo mrefu. Akaja, akachungulia, akasema toleo jipya linataka sidii maalumu ya ile printa, ataiagiza Dar, inakuja. Nyote mnajua maana ya inakuja. Kabla ya kuondoka macho yake yakapanda ukutani.

"Mama yangu! Hiyo ndiyo leseni yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," nikajibu kwa maringo.

"Hebu nisomee, macho yangu leo yana vumbi."

Na mimi nikamsomea! Herufi moja moja, kwa sauti ile ya mwalimu anayesomea darasa imla, hata nikarudia aliposema rudia. Ningemkatalia vipi? Imetundikwa ukutani, mahali pa wazi. Na hakuwa peke yake. Tangu ile fremu ipande, wateja wa fotokopi walikuwa wameongezeka ghafla, kila mmoja ana karatasi moja tu ya kutoa na kalamu sikioni. Wanasimama mbele ya ukuta kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani. Mzee alikuwa anafurahi. "Unaona watu wanavyoheshimu leseni?" aliniambia.

Kila asubuhi kompyuta ilinitolea kijidirisha kidogo pembeni ya kioo kunikumbusha kwamba siku zinakwisha. Nilikifunga kama mtu anayefukuza inzi. Hesabu ya mzee ilikuwa ukutani kwenye kalenda, na kwa hesabu hiyo tulikuwa na siku nyingi tu.

Jumatano ya juma lile lile la Ijumaa ya Handeni, nilikunja kitambaa, nikawasha, nikanywa chai, nikaosha kikombe. Niliporudi, kioo kilikuwa na maneno ya Kiingereza katikati: muda umekwisha, thibitisha leseni yako ili uendelee. Nikabonyeza kusema baadaye, ikazima. Nikawasha tena, ikasema vile vile. Hakuna mafaili, hakuna orodha, hakuna babu. Nilishika kichwa. Nakala sikuwa nayo hata moja: mlango wa diski ndogo za kunakilia ulishaziba vumbi tangu kiangazi.

Mzee alipofika nikamwambia. Akaenda kwenye kalenda, akahesabu, akahesabu tena.

"Hawajatoa Jumapili," akasema, ameumia kweli. "Hawa watu hawasali?"

Akatoa simu yake ya mkononi, akanituma vocha mbili, akapiga namba ya ng'ambo iliyokuwa kwenye kioo. Nikasimama karibu naye na karatasi. Simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa.

"Halo, habari za huko?" mzee akasema kwa Kiingereza chake cha ukarani, akanyamaza kusubiri ajibiwe.

Sauti ikaendelea kutoa maelekezo.

"Sisi hapa hatujambo," mzee akasema. "Tunapiga kutoka Korogwe."

"Mzee, hiyo ni mashine!" nikamnong'oneza. "Bonyeza moja!"

"Nitabonyezaje kabla sijasalimia?"

Vocha ya kwanza ikaishia kwenye salamu. Ya pili tukaitumia kusoma tarakimu za kwenye kioo, sita sita, mafungu tisa, mimi nasoma kwa Kiswahili, yeye anageuza Kiingereza, na kila akikosea ile mashine inamwambia kwa upole mwingi kwamba haikumwelewa. Upole wa namna ile unakera kuliko matusi. Nikatoka mbio kuleta vocha nyingine. Hatimaye akapatikana mtu, mwanaume, yuko mbali na ana haraka. Akauliza swali moja tu. Programu hii umeiweka kwenye kompyuta ngapi?

Mzee akaniangalia.

"Sema moja," nikamwambia. "Mzee, sema moja, nakuomba, orodha ya bibi imo humo."

"Yetu ni moja," mzee akasema kwenye simu, nami nikashusha pumzi. Thubutu! Hakuishia hapo. "Yetu ni moja, lakini namba imetumika na wengine, maana niliiweka mahali pa wazi. Kuna mmoja Old Korogwe. Wawili Masuguru. Mmoja amepanda nayo Bungu, kwetu kabisa. Mwingine sijui kwake, alikuja na baiskeli. Labda wengine ambao sikuwaona."

Aliwataja hivyo mmoja baada ya mwingine, kwa makini, kama seremala alivyonitajia maiti zake. Yule mtu wa ng'ambo alimsikiliza mpaka mwisho. Nadhani katika maisha yake ya kazi hakuwahi kujibiwa swali lile kwa ukweli. Kisha akasema inasikitisha, leseni hii imetumika kupita ruhusa, huenda ninyi ni waathirika wa bidhaa bandia, tafadhali nunueni halisi.

"Bandia?" mzee akauliza. "Risiti ninayo!"

Simu ilishakatwa. Mzee wa watu akakaa kwenye benchi la wateja, simu mkononi. Mtu pekee aliyenunua, katika wilaya mbili, ndiye aliyeitwa mwizi. Nilimhurumia, lakini hasira nilizokuwa nazo zilikuwa kubwa kuliko huruma, nikatoka nje nisije nikamtamkia neno.

Jioni nilimwambia bibi. Nilitegemea anigombeze na hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alfajiri alikuwa ameshavaa. Tukaja naye ofisini, akavua viatu, akamsalimia mzee, akasimama mbele ya kile kioo.

"Huyu anataka nini?"

"Anataka tuthibitishe kwamba sisi ndio wenye mali," nikamjibu.

"Si yuko humu ndani kwenu?"

"Yuko, bibi."

"Si mnamfunika hata kitambaa?"

"Tunamfunika."

"Mwe! Na bado anauliza!" Akamgeukia mzee. "Baba, wapo wawili wa namna hii sasa. Mmoja yuko Handeni anataka nithibitishe kwamba mume wangu amekufa, na mwingine huyu hapa."

Nikamweleza mzee kwamba ipo njia. Tufungue sanduku la kompyuta, tutoe diski ya ndani yenye mafaili, tuipeleke kwa fundi wa Old Korogwe ikasomwe kwenye kompyuta yake. Mzee akakataa. Kwenye sanduku kulikuwa na karatasi ya kampuni iliyosema lisifunguliwe, na kwa yeye karatasi ikisema imesema. Na tena, kwenda kwa yule! Mtu aliyeiba leseni yake mchana kweupe!

Bibi akakaa chini pale sakafuni, si kwenye benchi. "Wewe kwenu Bungu makaburi yako nyuma ya nyumba," akamwambia taratibu. "Ukiamka unamwona baba yako, ukimwaga maji unamwona mama yako. Mimi wangu yuko kwenye mkonge wa watu. Kesho kutwa wanaleta trekta, na wewe umemfungia humu kwa ajili ya kibandiko. Nikazikwe wapi mimi, baba? Nikazikwe Masuguru, kwenye kiwanja cha kupanga?"

Mzee alitazama ukuta wake, fremu zake zote zimepangwa mstari. Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

"Chukua hilo sanduku," akaniambia bila kugeuka. "Mimi nasoma leseni hapa, sijaona kitu."

Tulilifunga kwenye baiskeli kwa mpira, limevishwa kitambaa chake cha kufuma, bibi akilishika kwa nyuma. Fundi wa Old Korogwe alitupokea kwa kicheko. Akafungua skrubu kwa dakika chache, akatoa ile diski ya ndani, akaichomeka kwenye mashine yake, akawasha. Ikawaka upesi, bila swali lolote. Na printa yake, ndugu yake mama mmoja na ile ya kwetu, ikafahamika mara moja. Sidii yetu ya Dar ilishafika kitambo, alikuwa ameiweka kwenye droo.

"Wewe leseni yako ilikubali?" nikamuuliza.

"Siku ile ile. Nilipiga simu, wakaniuliza kompyuta ngapi, nikawaambia moja."

"Ukadanganya bila aibu!"

"Nimedanganya nini?" Akazungusha mkono chumba kizima. "Hebu hesabu, nina ngapi hapa?"

Ilikuwa moja. Wote walionakili kwenye ukuta wetu walisema kweli, moja, moja, moja, wakafunguliwa. Aliyesema kweli yote ndiye aliyefungiwa mlango.

Orodha ikatoka, karatasi baada ya karatasi, ya moto. Bibi hakujua kusoma, lakini alizipokea moja moja na kuzipangusa kwa khanga. Alitaka nimwonyeshe jina la babu lilipo, akaweka kidole pale mpaka tukafika nyumbani.

Ijumaa tukaenda Handeni. Barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu, tulifika Chanika nyusi zimegeuka nyekundu. Ofisi ya muda ya mwekezaji ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la pembejeo. Kwenye benchi alikaa mfugaji mmoja wa Kimasai aliyekuja kudai njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Akampisha bibi akae. Alipojua tumekuja kwa ajili ya makaburi akasema anayajua, ng'ombe wake hawapiti pale.

"Umewakataza wewe?" bibi akamuuliza.

"Wamezoea wenyewe," akasema.

Ndani alikuwepo karani wa mwekezaji, tai shingoni na jasho juu ya tai. Aliipitia orodha yetu kwa ncha ya kalamu, haraka haraka. Akafika mwisho.

"Huyu wa mwisho ni nani? Imeandikwa bado yupo."

"Ni mimi," bibi akajibu.

"Bibi, huwezi kudai kaburi na wewe uko hai."

"Kwani wewe kwenye basi hujawahi kuwekewa kiti?"

Mfugaji akacheka kule nje. Karani hakucheka. Akazikusanya karatasi zetu, akazigonga mezani zikae sawa, akaturudishia.

"Hii haitoshi. Haya ni majina tu, kila mtu anaweza kukaa akachapa majina. Chanzo chake kiko wapi? Nataka halisi, hii ni nakala."

"Halisi wako kule chini, baba," bibi akasema. "Nakala ndiyo hii uliyonirudishia."

Kidole chake kilikuwa kimerudi pale kwenye jina la babu. Nikaangalia pembeni nisilie mbele ya yule mtu, macho yangu yakatua kwenye kompyuta yake. Juu ya kioo palibandikwa kipande cha karatasi kwa gundi ya selotepu. Herufi na tarakimu ishirini na tano, tano tano.

Zile namba mimi nilikuwa nazijua kwa moyo. Nimezifuta vumbi kila asubuhi, nimewasomea watu kwa sauti ya imla. Zimetembea kutoka ukutani kwetu, sijui kwa baiskeli ya nani, mpaka Handeni. Hasira za juma zima zikanipanda.

"Shemeji," nikamwambia, maana sikujua nimwiteje, "hiyo namba uliyobandika hapo chanzo chake kiko wapi?"

Akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Ninauliza kwa sababu mimi chanzo chake nakijua. Halisi iko Korogwe, kwenye fremu, ukutani kwa tajiri wangu. Risiti anayo. Hiyo ya kwako ni nakala." Nikaanza kuisoma kwa kichwa, nimegeuka ukutani, herufi moja moja. Nilipofika fungu la tatu alisema inatosha.

"Na wewe kompyuta yako inakubali?" bibi akamuuliza, kwa nia njema kabisa. "Maana ya kwao waliyoinunua imekataa."

Karani alilegeza tai. Jasho lilikuwa jingi zaidi, au labda ilikuwa mchana. Akavuta orodha yetu kutoka mkononi mwa bibi, taratibu, akafungua droo, akatoa mhuri. Akapiga karatasi ya kwanza, ya pili, zote mpaka ya mwisho yenye bado yupo, akaandika pembeni kwa mkono: eneo lisipimwe. Hakutuangalia tena. Tulipotoka alikuwa anakwangua ile gundi kwa ukucha.

Bikoni zilipigwa kuzunguka makaburi. Zipo mpaka leo, na mkonge umesimama nje yake.

Mzee wangu alikwenda Dar akanunua boksi la pili, halisi, kwa fedha zake. Alipiga simu siku hiyo hiyo, salamu fupi, akaulizwa ngapi, akasema moja kwa sauti ya mtu aliyeoga. Kisha akaichukua ile kadi akaitia fremu akaitundika ukutani. Nilimpigia kelele mpaka jirani akaja. "Sheria ni sheria, binti," akaniambia. Sikuliacha hivyo: nilikata kipande cha kalenda nikakichomeka nyuma ya kioo cha fremu kufunika namba, na yeye akajifanya hakukiona.

Bibi aliishi miaka mingine kadhaa, akipalilia kitanda chake. Tulimzika pale mchana wa jua kali, jirani na mtu wake. Tulipita katikati ya bikoni na jeneza, tukachimba, tukafukia, na hakuna aliyetusimamisha.

Kesho yake nilipita ofisini mara moja. Nilikunja kitambaa, nikawasha, nikafungua ile orodha mpaka mwisho. Nikafuta maneno bado yupo, nikaandika tarehe. Nilipofunga, kompyuta ikaniuliza kama inavyouliza siku zote, ikiwa nataka kuyahifadhi mabadiliko niliyofanya.

Nilikaa nikiliangalia swali lile mpaka chai ya mzee ikapoa. Nikabonyeza hapana, nikaifunika, nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikarudi Masuguru kuwapikia watu waliokuwa bado wamekaa kwenye mkeka.